Kusoma Sensa za Biblia kwa Jicho la Imani: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Kitabu cha Hesabu kinafunguka kwa orodha. Sura ya 1 inataja kabila, inataja jumla, kisha inarudia maneno yale yale kwa kabila linalofuata, mara kumi na mbili. Reubeni 46,500. Simeoni 59,300. Gadi 45,650. Kabla hujafika kwa Naftali, kidole kimeshageuza ukurasa chenyewe. Kwa miaka mingi nilisoma hivyo, yaani sikusoma, mpaka siku nilipokwama kwenye namba ndogo iliyomo katika sura ya 3: watu 273. Nitawarudia hao mbele kidogo. Wao ndio walionionyesha kwamba anayewahesabu watu anadai kuwa ni wake, na kwamba Biblia, toka mwanzo hadi mwisho, inabishana juu ya dai hilo. Watu hawa ni wa Farao, wa Daudi, wa Kaisari, au wa Mungu?

Mwongozo huu ni wa mtu anayesoma peke yake au na kikundi kidogo, anayetaka sura hizi zimlishe rohoni bila kuzilazimisha kusema kisichokuwamo.

Kabla ya kuanza

Chukua Biblia ya Kikatoliki, yenye vitabu 73, pamoja na karatasi na penseli. Ukiwa na Katekisimu ya Kanisa Katoliki karibu, weka alama kwenye namba 109 hadi 119, maana huko ndiko tutakakoazima kanuni za kusoma. Tenga nusu saa kwa kila kifungu. Anza kwa kumwomba Roho Mtakatifu, hata kwa maneno machache. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya *Dei Verbum* ya mwaka 1965, namba 25, unataka usomaji wa Maandiko uendane na sala, na sura yenye namba tupu inahitaji sala hiyo kuliko nyingine yoyote.

Hatua ya 1: Chagua kifungu kimoja, na kiwe kifupi

Vifungu vikubwa vya sensa ni hivi: Kutoka 30:11-16, Hesabu 1 hadi 4, Hesabu 26, 2 Samweli 24 pamoja na mwenzake 1 Nyakati 21, Ezra 2 ambayo inarudiwa katika Nehemia 7, Luka 2:1-7, na Ufunuo 7.

Usianze na Hesabu 1. Anza na Kutoka 30, aya sita tu. Zikikukaa, nyingine zitafunguka.

Hatua ya 2: Soma kilichoandikwa kabla ya kutafuta kilichofichika

Katekisimu, namba 115 hadi 118, inafundisha kwamba Andiko lina maana ya maneno yenyewe na maana ya kiroho. Hiyo ya kiroho ina matawi matatu: jinsi jambo linavyomwelekea Kristo, jinsi linavyotufundisha kuishi, na jinsi linavyotuelekeza mbinguni. Namba 116, ikimfuata Mtakatifu Tomaso wa Akwino, inaongeza kwamba matawi yote yanakaa juu ya shina moja, maana ya maneno yenyewe. Ukilikata shina, kinachobaki ni mawazo yako uliyoyavisha nguo ya Biblia.

Kwa hiyo andika maswali manne kwenye karatasi na uyajibu kwa aya zenyewe:

- Nani ameagiza hesabu?
- Nani wamehesabiwa?
- Nani wameachwa nje?
- Kimetolewa nini?

Tujaribu na Hesabu 1. Aliyeagiza ni Mungu, pale Sinai, siku ya kwanza ya mwezi wa pili, mwaka wa pili tangu kutoka Misri. Waliohesabiwa ni wanaume wa miaka ishirini na zaidi wawezao kwenda vitani, na jumla yao ni 603,550. Walioachwa ni wanawake, watoto, na kabila zima la Lawi. Hapo simama kidogo ukumbuke watu hawa walikuwa nani mwaka mmoja nyuma. Walikuwa watumwa. Fungua Kutoka 5 uone Misri ilikuwa inahesabu nini: matofali. Wasimamizi wa Farao walidai hesabu ile ile ya matofali kila siku hata baada ya kuwanyima majani makavu. Mtu mwenyewe hakuwa hesabuni, tofali lake ndilo lililohesabiwa. Kisha jangwani, kwa mara ya kwanza, wanahesabiwa wao, kwa majina, kichwa kwa kichwa. Hujagusa fumbo lolote bado, na tayari kuna chakula.

Utakutana pia na ugumu wa namba. Wanaume wa vita 603,550 wanamaanisha taifa la watu zaidi ya milioni mbili jangwani, na wataalamu wameliangalia jambo hilo kwa namna mbalimbali. Baadhi wanakumbusha kwamba neno la Kiebrania *elef*, linalotafsiriwa "elfu", huweza pia kumaanisha ukoo au kikosi. Vilevile hesabu ya Daudi katika 2 Samweli 24 ni 800,000 kwa Israeli na 500,000 kwa Yuda, ilhali 1 Nyakati 21 inasema 1,100,000 na 470,000. Yaandike uliyoyaona, uendelee. *Dei Verbum* namba 11 na 12 zinatufundisha kutafuta ukweli ambao Mungu alitaka uandikwe kwa ajili ya wokovu wetu, na kuangalia aina ya uandishi uliotumika. Ukikaa juma zima ukigawanya na kuzidisha, utakuwa umefanya sensa nyingine.

Na tahadhari moja ambayo naitoa kwa ukali kidogo: usitafute siri za siku za mwisho ndani ya namba hizi. Ni kweli Mababa wa Kanisa walipenda kutafakari namba. Mtakatifu Augustino alizitazama samaki 153 za Yohane 21 akaona kwamba ukijumlisha moja mpaka kumi na saba unapata 153, na kumi na saba ni amri kumi na mapaji saba ya Roho Mtakatifu. Lakini tazama alikofikia: kwenye sheria na neema, mambo ambayo Kanisa lilikuwa linayaamini tayari. Namba ilimsaidia kuyatafakari, haikumpa mafundisho mapya. Anayetoka kwenye Hesabu 26 akiwa na tarehe ya mwisho wa dunia mkononi amepotea njia.

Hatua ya 3: Lisikilize neno linalotumika

Katika Hesabu 1:2 Kiebrania hakisemi "hesabuni" kwa neno kavu. Kinasema *inueni kichwa* cha jumuiya yote. Kuhesabu ni kuinua kichwa. Msemo huo huo uko katika Mwanzo 40, kwenye ndoto za gerezani: Farao atakiinua kichwa cha mnyweshaji na kumrudisha kazini, na atakiinua kichwa cha mwokaji, naye anatundikwa. Kuinuliwa kichwa na mwenye mamlaka kunaweza kuwa heshima au hukumu. Inategemea mkono ni wa nani.

Neno la pili ni *pakad*. Ndilo linalotumika katika Hesabu 1:3 kwa kuwahesabu wanaume kwa majeshi yao. Lakini Mwanzo 21:1 inalitumia kusema Bwana *alimjia* Sara kama alivyoahidi, naye akachukua mimba. Yosefu, akiwa kufani katika Mwanzo 50, analitumia kuwaambia ndugu zake kwamba Mungu hakika atawajia na kuwatoa Misri. Kwa mtu aliyeisikia Torati kwa Kiebrania, kuhesabiwa na Mungu na kujiwa na Mungu yalikuwa maneno ya ukoo mmoja.

Sisi tunaosoma kwa Kiswahili tuna zawadi yetu pia. Fungua Mwanzo 15:5-6. Mungu anamtoa Abramu nje na kumwambia azihesabu nyota, kama anaweza kuzihesabu. Abramu anaamini, na aya inayofuata inasema jambo hilo *likahesabiwa* kwake kuwa haki. Kiebrania kina vitenzi viwili tofauti hapo, kwa hiyo usijenge fundisho juu ya sikio la Kiswahili. Ila kwa tafakari mimi silitupi. Mzee aliyeshindwa kuhesabu ndiye aliyehesabiwa.

Hatua ya 4: Fuata fedha

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, na hapa usiwe na haraka.

Katika Kutoka 30 Mungu anamwambia Musa kwamba kila atakayehesabiwa atoe nusu shekeli, fidia ya nafsi yake, ili pasiwe na tauni wanapohesabiwa. Tajiri asitoe zaidi, maskini asitoe pungufu. Soma aya ya 15 mara mbili. Sheria nyingine za sadaka zinamruhusu maskini kuleta njiwa badala ya mwanakondoo. Hapa hapana punguzo wala nyongeza, kwa sababu kinachopimwa si mali. Ni uhai, na mbele za Mungu uhai wa huyu na wa yule una bei moja.

Sasa fedha hiyo ilikwenda wapi? Fungua Kutoka 38:25-28. Watu 603,550, kila mmoja nusu shekeli, walitoa jumla ya talanta 100 na shekeli 1,775. Chukua penseli ujaribu: talanta moja ni shekeli 3,000, na hesabu inakubali bila kubaki hata nusu. Talanta mia zilimiminwa zikawa vitako mia vya fedha ambavyo mbao za hema takatifu na nguzo za pazia lake zilisimama juu yake. Zile shekeli 1,775 zikawa kulabu za nguzo. Maana yake maskini wa kambi ile, mtu ambaye jina lake hatulijui, alikuwa na nusu shekeli yake chini ya nyumba ya Mungu, imeyeyushwa pamoja na ya tajiri wa Yuda, na hakuna ambaye angeweza kuzitenganisha tena.

Kisha ruka hadi Mathayo 17:24-27. Watoza nusu shekeli ya hekalu wanamuuliza Petro kama mwalimu wake hatoi. Yesu anamwambia Petro kwamba wana wa mfalme hawatozwi kodi, lakini ili wasiwakwaze, aende baharini atupe ndoana. Kinywani mwa samaki wa kwanza kuna shekeli nzima. Itoe, anasema, kwa ajili yangu na kwa ajili yako. Nusu mbili ndani ya sarafu moja. Mwana, asiyedaiwa kitu, anaingia katika fidia ya watumwa na kulipa kwa sarafu moja pamoja na mvuvi wake. Ukitoka hapo nenda 1 Petro 1:18-19, barua yenye jina la huyo huyo mvuvi, inayosema hatukukombolewa kwa fedha wala dhahabu bali kwa damu ya thamani ya Kristo. Huo ndio usomaji unaomwelekea Kristo, na angalia kwamba hatukuubuni: tumefuata sarafu tu.

Sasa wale 273. Katika Hesabu 3 Mungu anawachukua Walawi wawe badala ya wazaliwa wa kwanza wote wa Israeli, mmoja kwa mmoja. Walawi wa kiume, toka mtoto wa mwezi mmoja, ni 22,000. Wazaliwa wa kwanza ni 22,273. Hesabu haikubali. Kuna watu 273 wasio na Mlawi wa kusimama mahali pao. Mwandishi mwingine angesema "kama elfu ishirini na mbili hivi", shughuli ikaisha. Hapa hapana. Kwa kila mmoja wa 273 inatolewa shekeli tano, jumla 1,365, na fedha inakabidhiwa kwa Haruni na wanawe. Hakuna anayeachwa aning'inie kwa sababu orodha ya wabadala imekwisha. Niliposoma hivyo nilijiuliza ni mara ngapi nimejiona miongoni mwa waliozidi, wale ambao mpango uliishia kabla ya kuwafikia.

Baada ya hapo soma Luka 2:22-24. Yesu, mzaliwa wa kwanza, anapelekwa hekaluni. Luka anataja sheria ya mzaliwa wa kwanza, anataja njiwa wa kutakaswa, lakini shekeli tano hazitaji. Mtoto huyu anawekwa mbele za Bwana, na simulizi halisemi kwamba alirudishwa kwa malipo.

Hatua ya 5: Weka orodha mbili bega kwa bega

Gawa karatasi katikati. Kushoto andika hesabu za Sinai kutoka Hesabu 1, kulia hesabu za nchi tambarare za Moabu kutoka Hesabu 26, kabila kwa kabila. Inachukua dakika kumi. Jumla zimekaribiana sana, 603,550 na 601,730, na mtu aliyesoma jumla tu angesema hakuna kilichotokea.

Angalia safu ya Simeoni. Kushoto 59,300. Kulia 22,200. Wamepungua zaidi ya nusu. Rudi sura moja nyuma, Hesabu 25: Israeli wanaabudu Baali wa Peori, tauni inaua watu 24,000, na mkosaji anayetajwa kwa jina, Zimri, ni mkuu wa nyumba ya Wasimeoni. Andiko halisemi wazi kwamba pengo lote lilitoka hapo, lakini limeziweka sura hizo jirani.

Kisha shuka mpaka Hesabu 26:64-65. Miongoni mwa waliohesabiwa Sinai hakubaki hata mmoja, isipokuwa Kalebu na Yoshua. Namba ni karibu ile ile, watu ni wengine kabisa. Mungu ametunza ahadi kwa taifa ambalo kizazi chake kizima kilimkataa. Hapa ndipo tawi la maadili linapokuja lenyewe, na swali ni la kibinafsi: jina langu liko kwenye orodha ya waliotoka Misri, sawa. Je, natembea kuelekea orodha ya pili?

Kuna vijisentensi viwili ndani ya sura hiyo ambavyo msomaji wa haraka hukosa. Aya ya 11, baada ya kukumbusha uasi wa Kora, inasema kwamba wana wa Kora hawakufa. Aya ya 33 inasema Selofehadi hakuwa na wana, ila mabinti: Mahla, Noa, Hogla, Milka na Tirsa. Katika sensa ya wanaume wa vita, majina matano ya wanawake yamepenya. Na sura inayofuata wanasimama mbele ya Musa kudai urithi wa baba yao, na Mungu anasema wamesema kweli. Orodha ilikuwa na mlango ambao hatukuuona.

Hatua ya 6: Ingia kwa Daudi polepole

Soma 2 Samweli 24 baada ya hatua zilizotangulia, si kabla. Ukianza nayo utabaki na swali moja tu, mbona kuhesabu kukawa dhambi, na utalijibu vibaya. Kuhesabu si dhambi: Mungu mwenyewe aliamuru. Matendo ya Mitume yanahesabu 3,000 siku ya Pentekoste. Mchungaji wa Luka 15 asingejua kwamba mmoja amepotea kama hakuwa amehesabu mia.

Rudi kwenye maswali manne. Nani ameagiza? Hapa Andiko lenyewe linatetemeka. Samweli anasema hasira ya Bwana iliwaka na kumchochea Daudi, Nyakati inasema ni Shetani. Kanisa linasoma vifungu vyote viwili kwa pamoja: hakuna kinachotokea nje ya mamlaka ya Mungu, wala Mungu si mwanzilishi wa dhambi. Nani wamehesabiwa? Wanaume wenye kufuta upanga, na waliotumwa kuwahesabu ni makamanda, kwa miezi tisa na siku ishirini. Kimetolewa nini? Hakuna. Nusu shekeli haitajwi popote. Tayari katika karne ya kwanza Yosefu Flavio, mwanahistoria Myahudi, aliandika kwamba kosa la Daudi lilikuwa kuisahau amri hiyo ya Musa.

Mimi naona Yoabu amelisema lote kwa swali lake. Yoabu, jemadari mwenye damu mikononi, si mtu wa kuombwa ushauri wa kiroho, na bado anamwambia mfalme: Bwana na awaongeze watu mara mia, lakini kwa nini bwana wangu unapendezwa na jambo hili? *Kwa nini unapendezwa.* Kosa liko kwenye ladha ya ile namba mdomoni mwa mfalme. Ni ladha tunayoijua. Anayehesabu waumini waliohudhuria, wanafunzi aliowafundisha, sadaka alizotoa au rozari alizosali anaweza kuwa mchungaji wa Luka 15 au Daudi wa sura hii, na kwa nje hawatofautiani hata kidogo. Wakati wa kuchunguza dhamiri, swali la Yoabu lafaa kuulizwa kwa kila namba tunayoitunza kichwani.

Usiishie kwenye tauni na watu 70,000 waliokufa. Endelea hadi kiwanja cha kupuria cha Arauna Myebusi. Hapo malaika anazuiwa, hapo Daudi anasema kwamba ni yeye aliyetenda dhambi, hawa kondoo wamefanya nini, na hapo anakataa kupewa kiwanja bure: hatamtolea Bwana sadaka isiyomgharimu kitu. Kisha fungua 2 Nyakati 3:1. Juu ya kiwanja hicho Solomoni alijenga hekalu, kwenye mlima Moria, jina la nchi ile ambako Abrahamu alimfunga Isaka. Malipo ambayo hayakutolewa mwanzoni mwa sensa yametolewa mwishoni mwake, na mara ya pili fedha ya hesabu imekuwa msingi wa nyumba ya Mungu.

Hatua ya 7: Nenda Bethlehemu na swali lile lile

Luka 2 tunaisikia kila mwaka katika Misa ya usiku wa Noeli, na sensa yake tunaichukua kama njia tu ya kumfikisha Yosefu Bethlehemu. Ukifika hapo ukitokea kwa Daudi, mambo yanabadilika. Mwingine anahesabu, tena katika mji wa Daudi, na safari hii anadai ulimwengu wote.

Suala la historia lipo: Luka anaihusisha sensa hii na Kirenio, liwali wa Siria, ilhali Mathayo anasema Yesu alizaliwa siku za Herode. Lakini Kirenio tunayemjua kwa Yosefu Flavio aliandikisha Uyahudi mwaka 6 baada ya Kristo, na wanahistoria wengi wanaweka kifo cha Herode mwaka 4 kabla ya Kristo. Majibu mbalimbali yametolewa. Kwa tafakari inatosha kujua kwamba sensa ya Kirumi ilikuwa jambo chungu kwa Wayahudi. Luka mwenyewe, katika Matendo 5:37, anamkumbuka Yuda Mgalilaya aliyeasi siku za kuandikishwa. Dai la Kaisari liliwachoma kwa sababu watu walijua ni wa nani.

Mungu hakujibu kwa kuasi. Alijiandikisha. Origeni, mwalimu wa Kanisa la kale, akihubiri juu ya Luka, aliona kwamba Kristo aliandikwa pamoja na wote ili awatakase wote na kuwaandika pamoja naye katika kitabu cha walio hai. Mtakatifu Gregori Mkuu, katika homilia ya Noeli, alisema ulimwengu uliandikwa Bwana alipokaribia kuzaliwa kwa sababu alikuwa anakuja katika mwili yule atakayewaandika wateule wake katika umilele. Soma Isaya 53:12 hapo hapo, *alihesabiwa pamoja na wakosaji*, maneno ambayo Yesu anajitwalia usiku wa mateso katika Luka 22:37. Kwa Luka, Yesu anaingia kwenye orodha ya Kaisari akiwa tumboni, na anaondoka duniani akiwa kwenye orodha ya wahalifu.

Hatua ya 8: Litafute daftari katika liturujia

Msomaji Mkatoliki hafungi Biblia bila kuuliza jambo hili linasaliwa wapi. Katika Sala ya Ekaristi ya Kwanza, kabla ya mageuzo, padre anaomba tuhesabiwe katika kundi la wateule. Utenzi wa Te Deum unaomba tuhesabiwe na watakatifu katika utukufu. Mwanzoni mwa Kwaresima, katika ibada ya kuchaguliwa, majina ya wakatekumeni huandikwa katika kitabu cha wateule. Na kila mbatizwa ana mstari wake katika daftari la ubatizo la parokia. Kanuni ya 877 ya Sheria za Kanisa inataka uandikwe bila kuchelewa, pamoja na wazazi, wasimamizi, mahali na tarehe. Ukiwahi kwenda kuomba cheti cha ubatizo, ulisimama mbele ya Hesabu 1 yako.

Halafu Ufunuo 7. Angalia vitenzi. Yohane *anasikia* hesabu: 144,000, kumi na mbili elfu kutoka kila kabila. Kisha *anaona*, na alichokiona ni umati ambao hakuna mtu awezaye kuuhesabu, wa kila taifa na lugha. Nyota za Abramu hizo.

Hatua ya 9: Funga vitabu, usali

Tumia Zaburi ya 87 (katika Biblia nyingine ni ya 86). Ni fupi. Mungu anaandika mataifa, na juu ya Misri, Babeli, Ufilisti, Tiro na Kushi anasema: huyu alizaliwa humo, ndani ya Sayuni. Maadui wa jana wanaandikwa kama wenyeji. Tazama kichwa cha zaburi uone imetoka kwa nani: wana wa Kora, wale wa Hesabu 26:11 ambao hawakufa.

Isome taratibu mara tatu. Mara ya pili, kila inapotajwa nchi, weka jina la mtu ambaye wewe usingemwandika. Kaa kimya dakika chache. Mara ya tatu weka lako.

Zoezi la kufanya peke yako

Fungua Ezra 2:59-63. Watu 42,360 wamerudi kutoka uhamishoni, na orodha inahesabu hadi ngamia 435 na punda 6,720. Katikati yake kuna watu waliotafuta majina yao katika vitabu vya nasaba na hawakuyaona, wakiwamo wana wa makuhani ambao waliondolewa katika ukuhani kwa sababu hiyo. Wanaambiwa wasile vitu vitakatifu mpaka atakapoinuka kuhani mwenye Urimu na Thumimu, vifaa vya kumwulizia Mungu uamuzi. Sura inaendelea na mambo mengine bila kusema kama kuhani huyo aliinuka. Chukua karatasi mpya, uandike maswali manne, kisha usome Waebrania 7:11-16.